Siku Sita Nyuma ya Mishale ya Queenie

Jumanne: Manchester, Littleborough, Rochdale

Mpwa wangu alipokuja kunichukua saa mbili asubuhi, nilikuwa bado na macho ya zamu ya usiku. "Shikamoo shangazi." Marahaba. Akanikagua kuanzia viatu hadi mtandio, macho yakatua begani. "Na podo nalo linasafiri?" Nikamfungulia aone: miavuli miwili, chupa ya chai, na maandazi niliyoyafunga kwenye karatasi. Upinde na mishale vimebaki nyumbani. Podo zuri la ngozi halikai bure siku sita.

Niseme mapema safari hii ni ya nini, maana nyumbani Tanga wameshaniuliza mara tatu na kila nikijibu wanacheka. Nina miaka 52. Ninahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, usiku, mwaka wa kumi na tisa huu. Miaka miwili iliyopita nilijiunga na klabu ya upinde iliyo hatua chache kutoka kituo changu cha basi. Mbegu yenyewe ilipandwa 2016, nilipomwona Shehzana Anwar amebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio. Mwanamke, tena mrusha mishale. Nikasema, kumbe! Kutoka kwenye ile "kumbe" hadi kununua upinde ilipita miaka; mimi si mtu wa pupa. Mama yangu peke yake hakucheka. Aliniambia kwenye simu kwamba Mtume alihimiza watu wajifunze kurusha mishale, kwa hiyo nirushe, ila nisije nikamtoboa mtoto wa mtu.

Sasa siku moja mishale yangu sita, yote, ilipita juu ya shabaha. Nikaanza kulalamika kwamba nimeingia mchezo huu uzeeni. Mzee mmoja wa klabu akachukua karatasi ya pointi, akaandika jina nyuma yake: Queenie Newall. Akasema nikasome, halafu nirudi kulalamika. Nikasoma, sikurudi. Mama huyu alichukua dhahabu ya Olimpiki London mwaka 1908 akiwa na miaka 53 na siku 275. Mpaka leo hakuna mwanamke aliyewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki akiwa na umri mkubwa kuliko huo.

Kwa hiyo nimeomba likizo, nimemshawishi mtoto wa kaka yangu aje na kamera yake, na tunamfuata Queenie alikozaliwa, alikoishi, aliposhinda na alikofia.

Littleborough ni mwendo mfupi wa treni kutoka kituo cha Victoria. Bonde jembamba, mfereji wa maji pembeni, vilima vya Pennines vimekaa juu yako kama watu wanaosubiri zamu. Hapa palikuwa na viwanda vya sufu na pamba kila kona. Sybil Fenton Newall (Queenie ni jina la kudekezwa) alizaliwa Hare Hill tarehe 17 Oktoba 1854, kifungua mimba wa watoto kumi. Babu yake mzaa mama, John Fenton, ndiye aliyekuwa mbunge wa kwanza wa Rochdale. Si mtoto wa shida, tusidanganyane.

Hare Hill siku hizi ni bustani ya watu wote. Nyumba kubwa ya mawe imesimama pale, nyasi zimekatwa, mbwa wanakimbizana. Nilimwomba mpwa anipimie yadi 60, hatua ndefu ndefu, kutoka kwenye benchi. Akaenda akihesabu kwa sauti. Alipogeuka alikuwa mdogo kiasi kwamba sikuuona uso wake vizuri, nikaona koti tu. Yadi 60 ni kama mita 55. Ukisimama kwenye mstari wa goli, ni kupita kidogo katikati ya uwanja wa mpira. Akanipungia mkono. Nikampungia nusu ya andazi.

Jioni tuliteremka Rochdale, dakika chache tu kwa treni, na hili halikuwa la Queenie bali la marehemu baba. Alikuwa karani wa chama cha ushirika, na jina la Rochdale alilitamka kwa heshima ambayo wengine wanaiweka kwa miji mitakatifu. Nilikua nikidhani ni nchi. Basi nikasimama Toad Lane, mbele ya kile kiduka kilichofunguliwa Desemba 1844 na wafanyakazi waliochanga fedha zao ili wauziwe unga usiochanganywa na uchafu. Mlango ni mdogo. Baba angeinama kuingia.

Queenie hakuwahi kununua unga hapo, nadhani. Kwao walikuwa na watu wa kutumwa.

Jumatano: Cheltenham

Treni ya kwanza ilichelewa, ya pili ikafutwa, tukasimama Birmingham kama mizigo isiyo na mwenyewe. Nikatumia muda huo kumweleza mpwa kuhusu aliyemtangulia Queenie, maana nilitaka ajue kwamba yeye si wa kwanza.

Mwaka 1904 Michezo ilikuwa St. Louis, Marekani. Wanawake sita waliingia kwenye upinde, wote Wamarekani. Lida Howell wa Ohio, akiwa na miaka 45, akawachapa kila walipokutana. Kwao alikuwa na ubingwa wa taifa mara 17. Mchezo mwingine wa wanawake haukuwapo kabisa. "Kwa hiyo ni wapiga mishale pekee?" Ndiyo. "Kwa nini upinde?"

Swali hilo limetufikisha Cheltenham na jibu lake likawa limekaa barabarani linatusubiri. Mji wa nyumba nyeupe zenye vibaraza vya chuma kilichosukwa kama kamba, mitaa mipana yenye miti, maduka ambayo hayaandiki bei dirishani. Huu ndio mji ambao Queenie alijiunga na klabu yake ya upinde mwaka 1905. Alikuwa na miaka 50, umri ule ule niliojiunga nao mimi, nami nimeamua hiyo ni ishara na sitaki kubishana na mtu.

Kwa nini upinde? Kwa sababu haukimbii. Mwanamke wa heshima wa zama zile hakutakiwa kutoka jasho, kuonyesha kifundo cha mguu, wala kuhema mbele za watu. Mwenye upinde anasimama wima kama mshumaa, anavuta, anaachia, anatembea taratibu kwenda kuchomoa mishale yake. Gauni halipandi. Kofia haianguki. Halafu kuna chai. Tangu karne ya 19 vilabu vya upinde vya Uingereza vilikuwa mahali ambapo wanawake wa tabaka lile walishindana hasa, kwa pointi zinazoandikwa na tuzo zinazotolewa, na baba zao wasione ubaya. Upinde uliingia Olimpiki kwa mlango wa adabu.

Lakini adabu ina uzito wake. Kuna picha ya Queenie ambayo huwa naiangalia sana: amevuta upinde mrefu wa mti, kofia kichwani, sketi inafagia nyasi, mikono imefunikwa hadi kwenye kiganja. Anayeijua kazi hii huangalia kitu kimoja, upote unapita wapi. Ukivuta hadi kwenye kidevu, ule uzi unapita mbele ya kifua na karibu kabisa na shavu. Nguo ikining'inia, inanaswa. Wiki yangu ya tatu klabuni upote ulinasa ncha ya mtandio, mshale ukaenda kulala miguuni kwangu, na kidevu kikawaka moto siku mbili. Tangu hapo mtandio nauzungusha mara mbili na kuuchomekea pini, upande wa kushoto wote unabaki bapa. Nikamwonyesha mpwa palepale barabarani, mama mmoja mwenye mbwa akapita akitutazama. Queenie naye lazima alikuwa na pini zake. Hilo hakuna kitabu kinachosema, ila shingo yangu inalijua.

Tulilala kwenye chumba kidogo chenye vitanda viwili na ngazi za kuua. Mguu wa kulia umeanza kuvimba.

Alhamisi: London, White City

Hii ndiyo siku niliyoijia, na mvua nayo ikajua. Si mvua ya kwetu inayopiga bati ukashindwa kusikia mtu. Hii ya London ni ya kunyunyiza, haikuloweshi ghafla, inakuzoea.

Tulishuka kituo cha White City tukafuata Wood Lane. Uwanja haupo. Ulibomolewa 1985, na BBC wakajenga majengo yao hapo. Uwanja huo ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya 1908, pembeni ya maonyesho makubwa ya Uingereza na Ufaransa. Majengo ya maonyesho yalipakwa rangi nyeupe, ndipo mtaa ukapata jina la Mji Mweupe. Upande wa pili kuna nyumba za halmashauri zenye mitaa inayoitwa Australia, Kanada, Afrika Kusini. Ukoloni ulifungasha ukaondoka, vibao vya mitaa vikabaki.

Baba (nimemtaja sana safari hii, Mungu amrehemu) alisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kila jioni, redio juu ya kabati, sisi kimya. Idhaa ile haikuwa jengo hili, najua, lakini nilipoona zile herufi tatu nilihisi natakiwa ninyamaze.

Mpwa aliuona mstari wa kumalizia mbio kabla yangu. Umewekwa chini, kwenye sakafu ya nje kati ya majengo, watu wanaukanyaga wakiwa na vikombe vya kahawa. Hapo ndipo Dorando Pietri, mkimbiaji wa Italia, alipofikishwa akiwa anayumba kwenye marathoni ya tarehe 24 Julai 1908, akashikwa mkono na waamuzi, akanyang'anywa ushindi. Kila mtu anaijua hiyo. Ukutani kuna orodha ya washindi wa medali. Nikaanza kutafuta kwa kidole, jina kwa jina. Niliposoma Newall nilitoa sauti ambayo mpwa anadai ilikuwa kama ya kuku. Aliyekuwa na kahawa karibu yetu alisogea.

Basi tukasimama chini ya paa la mlango, nikatoa chupa ya chai kwenye podo, nikamsimulia siku ile wiki moja kabla ya Pietri.

Ijumaa, tarehe 17 Julai 1908. Uwanja wa kuchukua watu makumi ya elfu. Katikati yake, ndani ya njia ya kukimbilia, walikuwa wamechimba bwawa la kuogelea lenye urefu wa mita 100. Pembeni ya bwawa hilo, kwenye nyasi, wanawake 25 wenye kofia na sketi ndefu. Wote Waingereza, ukimhesabu na Beatrice Hill-Lowe wa Ireland, maana Ireland yote ilikuwa bado chini ya taji. Hakuna nchi nyingine iliyoleta mwanamke mwenye upinde. Katika washiriki wapatao 2,000 wa Michezo yote, wanawake hawakufika hata 50.

Shindano lilikuwa raundi ya taifa, mara mbili. Raundi moja ni mishale 48 kutoka yadi 60, kisha 24 kutoka yadi 50. Siku ya kwanza 72, siku ya pili 72, jumla 144. Shabaha ni duara la futi nne. Ukipiga dhahabu ya katikati unapata 9, nyekundu 7, buluu 5, nyeusi 3, nyeupe 1. Nje ya hapo umetoboa nyasi.

Na mvua ikanyesha, na upepo ukaja nayo. Ngoja nieleze mvua inamfanya nini mrusha mishale, kwa sababu kwenye vitabu huandikwa "hali ya hewa ilikuwa mbaya" na mambo yakaishia hapo. Nyuma ya mshale kuna manyoya matatu. Kazi yake ni kuuzungusha na kuunyoosha ukiwa hewani. Yakilowa yanalala, kama nywele zilizomwagiwa maji. Mshale hauzunguki sawasawa, unatikisa mkia, na ule uliokuwa unakwenda kwenye nyekundu unadondoka kwenye nyeusi. Basi unaanza kulenga juu zaidi. Upepo ukitulia kidogo, ule ulioulenga juu unapita kabisa. Vidole navyo vinateleza kwenye upote, unaachia kabla hujakusudia. Kofia inakuwa mfereji. Sketi ya sufu iliyolowa ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, nimebeba watoto na nimefua sketi za sufu za wazee wangu, najua ninachosema. Ukiwa hivyo unarudia vuta-shikilia-achia mara 72, na kati yake unatembea kwenye matope kwenda shabaha na kurudi.

Mwisho wa siku ya kwanza aliongoza Lottie Dod, na jina hilo kwa Waingereza lilikuwa jina la malkia wa pili. Ubingwa wa tenisi wa Wimbledon mara tano, wa kwanza akiwa na miaka 15. Ameichezea Uingereza hoki. Bingwa wa gofu wa wanawake 1904. Alikuwa na miaka 36, na kaka yake William alikuwa uwanjani humo humo kwenye upinde wa wanaume, ambako alishinda dhahabu. Mtu wa kawaida angetoka uwanjani jioni ile akijua kwamba fedha nayo si haba.

Siku ya pili, Jumamosi, Queenie akapiga pointi nyingi kuliko za siku yake ya kwanza, na Dod akateremka. Mwisho: Newall 688, Dod 642, Hill-Lowe 618. Gawanya 688 kwa mishale 144, unapata karibu 5 kwa kila mshale. Maana yake hakukuwa na miujiza. Buluu, buluu, nyekundu, nyeusi, buluu, siku mbili nzima.

"Basi," mpwa akasema huku anafuta kioo cha kamera, "mbona kuna mtu anaitwa Alice Legh hapa?" Alikuwa anasoma simu yake. Nilijua itafika.

Alice Legh alikuwa mrusha mishale bora kuliko wote Uingereza. Bingwa wa taifa mara 23, kati ya 1881 na 1922. Hakushiriki Olimpiki, aliona afadhali ajiandae kwa ubingwa wa taifa uliokuwa unafuata. Wiki moja baadaye wakakutana na Queenie, dhahabu ikiwa bado mpya, na Legh akamshinda kwa pointi 151.

"Shangazi, kwa hiyo huyu wako alikuwa namba mbili."

Nikamwambia timu isipotokea uwanjani, aliyetokea anachukua pointi. Akaniambia hizo ni pointi za mezani. Huyu mtoto ni Yanga, hoja za mezani amezaliwa nazo. Tukabishana hadi chai ikaisha na paa likaanza kuvuja.

Ijumaa: Wimbledon, kwa makosa

Leo nitaandika kidogo kwa sababu ya aibu. Nilitaka kumtendea haki Lottie Dod, tukapanda treni hadi Wimbledon, tukapanda kilima na mguu wangu huu, tukasimama kwenye geti la viwanja vya tenisi. Nikapigwa picha nne. Ndipo mpwa akasoma kwamba mashindano yalihamia hapo 1922. Dod alichezea viwanja vya zamani, Worple Road, karibu kabisa na kituo tulichotoka. Tukateremka tena. Sasa ni uwanja wa michezo wa shule ya wasichana, huwezi kuingia. Kupitia uwazi wa uzio niliona kona ya nyasi.

Usiku nilisoma kilichotokea baada ya 1908. Wanawake wenye upinde walikaa nje ya ratiba ya Olimpiki miaka mingi mno, hadi Munich 1972, Michezo ile ile ambayo John Akii-Bua wa Uganda alichukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi. Mmarekani Doreen Wilber ndiye aliyeshinda siku hiyo ya upinde kurudi. Queenie alikuwa kaburini miaka 43. Na tangu yeye, hakuna Mwingereza mwanamke mwingine aliyechukua dhahabu ya upinde kwenye Olimpiki.

Jumamosi: Clifton

Mtu mwenye akili angepitia Bristol Jumatano, kutoka Cheltenham ni pua na mdomo. Mpwa amelisema hilo mara mbili leo. Nikamjibu kwamba huwezi kwenda kwenye kifo cha mtu kabla hujaona ushindi wake.

Clifton ni mtaa wa Bristol ulio juu, na chini yake mto Avon umekata mwamba kama kisu kwenye mkate. Daraja la Brunel linaning'inia hapo tangu 1864. Queenie alikuwa na miaka kumi lilipofunguliwa. Alifia Clifton tarehe 24 Juni 1929, na miaka 74. Sikuja kutafuta kaburi. Nilitaka kukaa mahali alipokaa akiwa mzee, kwa kuwa wazee ndio kazi yangu, na nyumba za wazee ndizo ninazozijua kuliko viwanja.

Tulikaa kwenye nyasi tukiangalia daraja, na suala la Legh likarudi lenyewe. Nilikuwa nimelilalia usiku mbili. Nilichokiona ni hiki: mimi na mpwa tulikuwa tunabishana kwa macho ya leo, ambapo Olimpiki ndiyo kilele na mengine ni mazoezi. Kwa watu wale haikuwa hivyo. Olimpiki ya 1908 ilikuwa jambo geni, sehemu ya maonyesho yenye bwawa katikati ya uwanja. Kitu kikubwa kilikuwa ubingwa wa taifa, uliokuwapo tangu 1844. Legh hakukimbia. Alichagua kile kikubwa, kama mtu anavyoacha bonanza la mtaani ajiandae na ligi. Dunia ikageuka baadaye, bonanza likawa kila kitu, na jina lililoandikwa ukutani likawa la Queenie.

"Kwa hiyo unakubali alikuwa namba mbili?" mpwa akauliza, akiwa tayari kunirekodi.

Nakubali, nikasema. Mwaka 1908 alikuwa namba mbili. Na dhahabu ni yake. Halafu nikamkumbusha alichofanya baadaye: ubingwa wa taifa, ule mkubwa, ule wa Legh, Queenie aliuchukua 1911 akiwa na miaka 56. Akauchukua tena 1912.

Mpwa akashusha simu. "Hiyo ulikuwa unaificha wapi siku zote?"

Kwenye podo.

Jumapili: nyumbani, uwanja wa klabu

Mguu umepungua. Nilimwomba mpwa asiondoke hadi jioni, nikampeleka klabuni, na kwa mara ya kwanza nikapiga raundi ya taifa nzima: 48 kutoka yadi 60, 24 kutoka yadi 50. Raundi hii bado ipo kwenye vilabu vya Uingereza, haikubadilika. Yule mzee aliyeniandikia jina akakubali kuandika pointi.

Upinde wangu ni wa mti, manyoya ni ya kweli, na jua lilikuwa zuri, kwa hiyo sina pa kusingizia. Yadi 60 mishale minne ya kwanza ilipotea kabla ya shabaha. Wa tano ukapiga nyeupe, mpwa akashangilia kama nimefunga goli la dakika ya 90. Kufika mshale wa thelathini bega lilikuwa linatetemeka. Kufika wa arobaini nilikuwa sifikirii tena lolote, si Queenie wala mguu, navuta tu, na ajabu hapo ndipo ilipokuja nyekundu, kisha buluu, kisha nyekundu nyingine. Halafu bega likakumbuka.

Jumla yangu ni 203 kwa mishale 72. Yeye kwa siku mbili alikuwa na wastani wa 344 kwa idadi hiyo, siku ya kwanza kwenye mvua.

Mshale mmoja haukuonekana. Tulipekua nyasi nyuma ya shabaha, mzee akaleta kile kifaa cha kutafutia chuma kinacholia kikikaribia chembe ya mshale, kikalia kwenye kizibo cha soda, kikalia kwenye msumari. Jua likaanza kushuka nyuma ya miti. Nikamwambia mpwa asijali, wahenga walisema mshale kwenda msituni haukupotea.

"Shangazi," akasema, amepiga magoti kwenye upupu wa Kizungu, mikono imejaa vipele, "huu umepotea."

Nikamletea mwavuli kutoka kwenye podo asukumie yale majani, nikaenda upande wa pili wa uzio kutafuta.